Watani Walivyotuzikia Babu

Nilipokuwa nakulia Magomeni, hakukuwa na shughuli ya bei rahisi mtaani kwetu kuliko mazishi. Harusi ziliacha madeni. Jando liliuza mbuzi. Kesi ya nyumba ilimaliza akiba ya ukoo mzima. Lakini maiti alizikwa siku ileile kwa vitu vichache ambavyo hata sisi watoto tulivijua: bafta ya sanda, pamba, kafuri, marashi, ubani, majani ya mkunazi ya kutia kwenye maji ya kumwoshea, na mbao za kiunza. Jeneza lilikuwa la msikiti. Lilimbeba mwenye duka leo na kesho likambeba kuli, kisha likarudishwa mahali pake kungoja. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa bila malipo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hizo zote, nayo ni kuwashika wafiwa wasizame. Hiyo ilifanywa na watani. Nataka kuisimulia kama nilivyoiona, kwa sababu inapotea mbele ya macho yangu na sioni kilichowekwa mahali pake.

Babu yangu alikufa Mei 1984, wiki chache baada ya ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili. Nchi ilikuwa bado haijatulia. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, lakini fedha za kigeni hazikuwapo, viwanda vilikosa vipuri, na mjini Dar es Salaam sabuni, sukari, unga na nguo vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imewasaka wale iliowaita wahujumu uchumi, na watu walitupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Kwa hiyo hata mazishi, yaliyokuwa rahisi kuliko vyote, yalipata kikwazo kimoja: bafta. Pesa ungeweza kuwa nazo na nguo usiipate. Ulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi akakuandikia barua kwamba umefiwa kweli, ukaipeleka barua kwenye duka la ushirika, na hapo ukamwomba Mungu.

Babu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja mjini kijana na kuingia kazi ya ukuli bandarini. Alikuwamo katika mgomo wa makuli wa 1947 na aliuhadithia mpaka tukaukariri. Hapo bandarini ndipo alipokutana na Mnyamwezi mmoja kutoka Tabora, aliyekuwa amepita kwanza kwenye mashamba ya mkonge kama manamba kabla ya kufika pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wale wawili hawakuwahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Yule mzee aliishi Magomeni Mikumi, sisi Mapipa. Tulimwita Babu Mtani, na mkewe Bibi Mtani. Akija kwetu alifungua sufuria jikoni bila kuuliza na kumwambia bibi kwamba ameolewa na mtumwa wake. Babu naye alikwenda kwake akachukua kuku na kuondoka naye kwapani mchana kweupe. Hakuna aliyenung'unika. Mtani akinuna, utani umevunjika.

Babu alifariki kabla ya alfajiri. Kulipokucha wanaume walikuwa wamekaa barazani vichwa chini, na ndani kilio cha wanawake kilikuwa kimeshachoka na kubaki mguno. Bibi hakulia wala hakusema neno. Alikaa pembeni ya kitanda akitazama ukuta, na shangazi zangu walikuwa wameanza kuogopa kwamba watazika wawili.

Baba alirudi kutoka dukani mikono mitupu. Barua ya balozi ilipokelewa, ikasomwa, akaambiwa asubiri mgao. Alisimama uani na ile barua mkononi akiwa hajui amwambie nani.

Ndipo tukasikia sauti kutoka barabarani.

"Yuko wapi mdaiwa wangu? Nimeambiwa ametoroka!"

Babu Mtani aliingia na fimbo yake bila kutoa pole kwa mtu. "Ana kuku wangu wawili tangu Idi. Mwamsheni! Nawajua Wazaramo, wakidaiwa hujifanya wamekufa." Mzee mmoja alicheka kwa pua akajizuia. Mwingine akashindwa kujizuia. Babu Mtani alipita hadi chumbani, akamfunua babu uso, akamtazama kitambo, akamfunika. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mdomo unaendelea kutukana. Akamuuliza baba kuhusu sanda, akaambiwa haipo. Akageuka akaondoka.

Alirudi na furushi la karatasi ya kaki. Lilipofunguliwa ilitoka harufu ya karafuu. Ilikuwa bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, na mistari ya mikunjo imegeuka rangi kwa kukaa sana. Wazee wengi wa wakati ule walijiwekea sanda zao kwenye sanduku, pamoja na pesa kidogo za kuzikiwa, ili wasimsumbue mtu. Hii ilikuwa yake mwenyewe.

"Nimekaa na nguo hii tangu mwaka waliofungua kiwanda cha Urafiki," alisema, na kiwanda hicho kilifunguliwa 1968. "Nilijua mimi nitatangulia. Mzaramo kaniwahi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuruka foleni."

Baba alijaribu kukataa. Mjomba akasema maiti haulizwi sanda. "Huyu msimuulize kabisa," Babu Mtani akamjibu, "atasema anataka ya hariri."

Watu waliangua kicheko pale barazani, maiti yuko chumbani. Nilikuwa kijana wa shule na nilishtuka. Lakini niliona pia kwamba baada ya kicheko kile watu walisimama. Mmoja alikwenda kutafuta mkunazi, mwingine kuazima majembe, mwingine kuwaambia wa msikitini waandae jeneza. Mpaka dakika ile tulikuwa kundi la watu waliopigwa na butwaa.

Ndani, Bibi Mtani alikuwa na kazi yake. Aliingia chumba kilichojaa wanawake akiwa amevaa koti la babu la bandarini na kofia yake, suruali imekunjwa hadi magotini. Akakohoa kama babu. Akakaa kwenye kigoda chake, akapiga goti kwa kiganja kama alivyozoea, akapiga ukelele: "Chai hii haina sukari! Mimi nimepakua meli nzima za sukari, nyumbani kwangu naletewa maji ya moto!" Babu alikuwa ameyasema maneno hayo kila asubuhi ya miaka ile ya dhiki. Shangazi alinisimulia baadaye kwamba bibi aligeuka polepole kutoka ukutani, akamtazama yule mwanamke ndani ya koti la mumewe, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, na Bibi Mtani akavua kofia akamkumbatia, wakalia pamoja. Bibi alikunywa uji baada ya hapo.

Nimesikia wasomi wakieleza utani kwa maneno mengi. R. E. Moreau, aliyekuwa mtaalamu wa ndege kule Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na wengine wamefuata. Wazee wetu walieleza kwa kifupi zaidi. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi, na njia yao ya mwisho ilipita kwa Wazigua na Wazaramo, waliowatoza hongo ili wapite. Kulikuwa na ugomvi, kisha mapatano. Mpagazi akifa njiani, mbali na ndugu zake, nani atamzika? Yule yule aliyekuwa akimtukana jana. Kwa hiyo utani ulianza kama bima ya maiti wa ugenini, na ndiyo maana kazi ya mtani haiishii kwenye maneno. Anachimba, anaosha, anabeba, na anaruhusiwa kusema lolote akiwa kazini.

Makaburi tuliyokwenda ni ya Kisutu, na kutoka Magomeni ilibidi kuvuka bonde la Jangwani. Masika yalikuwa hayajaisha na mto Msimbazi ulikuwa umefurika majani na takataka. Jeneza lilipita bega kwa bega, kila mtu akitaka kushika hatua chache apate thawabu. Tulipofika darajani tukakuta watani wamelala barabarani, wazee kwa vijana, wameziba njia. Basi la UDA lilisimama nyuma yetu na dereva akazima injini.

"Mzigo wa Wazaramo haupiti bila ushuru," Babu Mtani alisema akiwa amelala chali kwenye lami. "Zamani sisi tulibeba pembe, ninyi mkatutoza hongo. Leo mmebeba ninyi."

Wajomba walianza kubishana bei. Sarafu zikatupwa, zikarudishwa kwamba hazitoshi. Mtani mmoja kijana akapanda juu ya ukingo wa daraja na kutoa wasifu wa marehemu: kwamba alipendelea kazi ya kuhesabu magunia kuliko kuyabeba, kwamba alipokuwa akisinzia bandarini meli zilimngoja, kwamba aligoma mwaka 1947 akidai nyongeza na leo amegoma kupumua, tutaona sasa atapewa nini. Abiria wa basi walishusha vioo wakacheka. Wengine walitupa shilingi bila kumjua marehemu. Nakumbuka kumwona baba, aliyekuwa ameshika mbele ya jeneza, akicheka huku machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu na hana mkono wa kuyafuta.

Mwalimu wa msikiti hakupenda. Alikuwa mtu mpole na alijua kwamba akikataza kabisa atasababisha ugomvi, basi aliweka mpaka wake kwenye lango la makaburi. "Mpaka hapa," alisema. "Ndani tumwachie Mungu." Watani walinyamaza papo hapo. Walimheshimu, na nadhani na wao walikuwa wamefika walipotaka kufika. Utani wa ndani ya makaburi ulikwisha kufanyika asubuhi, watani vijana walipochimba kaburi: mjukuu wa Babu Mtani, rika langu, aliingia akalala kwenye mwanandani mikono kifuani, kisha akalalamika kwamba Wazaramo ni wafupi, wamezoea kujipimia wao tu.

Aliyeshuka kaburini kumpokea babu pamoja na baba alikuwa Babu Mtani. Alimlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akamlegezea vifundo vya ile bafta iliyokuwa yake, akapanga kiunza bila haraka. Hakusema neno hata moja.

Jioni Bibi Mtani alileta fundo la kanga na kulifungua miguuni pa bibi. Zilikuwa zile pesa zote za darajani. Babu Mtani alichukua shilingi moja tu, akaitia mfukoni akisema hiyo ni haki yake na asiulizwe. Bibi alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na zile sarafu zilinunua unga na mafuta ya taa kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Nilichokiona mimi kwa macho ya kijana kama fujo kilikuwa ni mchango uliokusanywa bila kumdhalilisha mtu. Mjane hakuandikiwa daftari la waliotoa na wasiotoa. Waliotoa walicheka.

Babu Mtani alikufa katika miaka ya Mwinyi, bafta imejaa Kariakoo. Baba, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinunua kitambaa kipana kuliko kilichohitajika, akaenda Mikumi kwa miguu, na alipofika barazani akaita kwa nguvu zake zote: "Nimeleta deni la nguo! Pimeni wenyewe, Wanyamwezi, msije mkasema mmepunjwa!" Aliwakuta wafiwa wamepigwa na butwaa kama sisi tulivyokuwa. Nilimwona akifanya kazi ile kwa ufundi ambao sijui alijifunzia wapi.

Kisha ikaja miaka ambayo mazishi yalikuwa mengi mno. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi ya kupiga chapa, na tulizika wafanyakazi wenzetu mmoja baada ya mwingine. Karibu na hospitali majeneza yalipangwa yamesimama kando ya barabara, yamevishwa vitambaa vya zambarau, na ukikaribia tu vijana walikukimbilia.

Alipofariki mwenzetu mmoja, Mchagga wa Rombo, ilibidi arudishwe nyumbani, kwa sababu Wachagga huzikwa kihambani kwao. Gari peke yake lilikuwa mzigo. Kamati ya mazishi ilinituma mimi na wengine kutafuta jeneza, na alikuja nasi Mpare mmoja wa idara ya uhasibu, mtani wa marehemu. Muuzaji alitutembeza. Hili la plaiwudi, alisema, ni la watu wa kawaida. Kisha akaweka mkono juu ya jeneza la mninga lenye vishikio vya kung'aa, akashusha sauti: "Hili ni la mtu mliyempenda."

Tulinyamaza. Maneno yale yamewauzia watu wengi jeneza ambalo hawakuwa na uwezo nalo, na najua familia zilizouza kitanda na redio kwa sababu yake. Yule Mpare hakunyamaza.

"Huyu hatukumpenda," alisema. "Alikuwa ananidai. Tuonyeshe la mtu aliyechukiwa."

Akavua viatu, akalala ndani ya lile la plaiwudi, akajigeuza, akagonga ubavu kwa ngumi kusikiliza mbao. "Rafiki yangu," alimwambia muuzaji akiwa amelala humohumo, "aliyekufa ni Mchagga wa Rombo. Nikikubali bei ya kwanza ataamka mochwari aje kunifokea, na jeneza lako hutaliuza tena." Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini, na bei ikashuka karibu nusu. Akaongeza skrubu na kitambaa bure. Pesa zilizookolewa zilibaki kwa mjane, na mtoto mkubwa alilipiwa ada ya muhula.

Siku hizi nahudhuria misiba ambayo bajeti yake husomwa mbele ya watu: turubai, viti, spika, mshereheshaji, mpiga video, fulana zenye picha ya marehemu, chakula cha mamia, wakati mwingine hata mapambo ya maua kwa rangi zinazolingana. Michango huitishwa kwenye kundi la WhatsApp, majina ya waliotoa yamewekwa kwa mpangilio na kiasi. Familia inayofiwa Jumatatu huwa na kamati Jumatatu jioni na deni Jumapili. Waislamu tunajisifu kwamba sisi tunazika haraka bila jeneza la kununua, na ni kweli, lakini tazameni hitima zetu zilivyokuwa. Na mjane amekaa ndani, amezungukwa na watu wanaoangalia simu, hana wa kumchekesha.

Wapo wanaosema utani msibani ni matusi na ushamba. Nimewaona watani waliokuja wamelewa wakavuruga, na hao walistahili kufukuzwa. Mtani wa kweli anajua kipimo. Sikuwahi kumwona mmoja akitania kifo cha mtoto mchanga. Hapo walikuja, wakachimba, wakaondoka kimya. Na wapo wanaosema vijana wetu wamechanganyika, hawajui tena kabila gani ni mtani wa nani. Hilo linatibika kwa kuuliza. Wazee wanaojua bado wapo, ingawa si wengi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Muulizeni mzee wa ukoo wenu watani wenu ni akina nani, na muandike jibu lake pale mnapoandika wosia. Siku mtani wenu akifiwa, nendeni, hata bila pesa, mkachimbe na mkatukane. Na ninyi mnaopanga mazishi wiki hii, kabla ya kumpigia simu mwenye turubai, mpigieni kwanza mtani wa marehemu.